Damu Iendayo Kwenye Ubongo

Mto Mara hutoka katika milima ya Mau, nchi ya Kenya, ukapita kati ya Tarime na Serengeti, hata ukaingia ziwani karibu na Musoma. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana, lakini ng'ombe hawafi kwa siku moja ya kiu.

Ubongo wa mwanadamu hauna uvumilivu wa namna hiyo. Daktari aweza kuufunga mkono damu isipite kwa muda wa saa nzima, akatengeneza mfupa, kisha akaufungua, nao ukarudia hali yake. Ubongo sivyo. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia baada ya sekunde kama 10. Zikipita dakika chache, sehemu za ubongo huanza kufa, wala hazifufuki. Tena ubongo ni mlaji kupita umbo lake: uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hupokea karibu robo tatu ya lita ya damu kila dakika.

Njia za damu kupanda kichwani ni nne. Mbili kubwa hupita mbele ya shingo. Weka vidole polepole kando ya koo, upande mmoja tu, nawe utasikia mpigo. Mbili ndogo hupanda nyuma, katika matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo zote huungana kama pete, ili moja ikiziba nyingine zisaidie. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliieleza pete hiyo mwaka 1664. Lakini si kila mtu aliye na pete kamili.

Sasa mfikiri mzee wa Tarime ashikwaye na maumivu ya kifua kila apandapo mlima. Mishipa iulishayo moyo wenyewe imesongwa na mafuta. Huambiwa kwamba yafaa apasuliwe, mshipa utolewe mguuni, ushonwe moyoni uwe njia ya kando. Daktari René Favaloro, mtu wa Argentina, alifanya hivyo huko Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Siku hizi mzee huyo aweza kupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Akifika huko huuliza, "Mwanangu, naumwa kifua, mbona wanipima shingo?"

Swali lake ni la akili. Mafuta yale yale yazibayo mishipa ya moyo huziba na ya shingo, na mwenyewe huenda asijue, kwa kuwa ile pete humsaidia. Hatari huja siku ya kupasuliwa. Mara nyingi moyo husimamishwa, na mashine husukuma damu badala yake. Nguvu ya damu ikishuka, palipokuwa pakipita kidogo hukauka. Au kipande cha uchafu hubanduka, kikachukuliwa hata ubongoni, na mtu huamka mkono haunyanyuki: ndicho kiharusi.

Kupima hakuumizi. Kifaa kidogo hupitishwa shingoni, nacho hutoa sauti zisizosikika kwa masikio; mwangwi wake huonyesha mwendo wa damu. Penye njia nyembamba damu hukimbia, kama maji ya Mara kati ya mawe. Wakiona hivyo, madaktari hushauriana kama waizibue shingo kwanza, au waanze na moyo huku wakilinda nguvu ya damu. Katika jambo hili hawajapatana wote.

Mzee hungoja siku yake. Huacha tumbaku, wala haachi dawa pasipo shauri la daktari. Jamaa zake nao humwangalia: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikorogeka, hata kwa dakika tano tu kisha akapona, humpeleka hospitali saa ile ile, iwe ya Tarime au ya Mugumu, wala hawangoji kesho.