Mafunzo kwa Kijana Aanzaye Kazi ya Ujenzi

Uashi ni kazi ya heshima, wala si kimbilio la mtu aliyekosa kazi nyingine. Watu wa pwani yawapasa kulijua neno hili kuliko wengine, kwa kuwa wazee wao walijenga miji kwa matumbawe na chokaa. Na magofu ya Husuni Kubwa pale Kilwa, jumba la karne ya 14, yashuhudia hata leo. Na Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili, amani iwe juu yao, ndio walioinua misingi ya Al-Kaaba. Basi kijana asione haya kushika mwiko.

Lakini ashikaye mwiko ameshika roho za watu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa mjini Dar es Salaam ilianguka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ikaanguka Kariakoo, ikaua watu zaidi ya 20. Kwa hiyo kazi hii ni amana kabla ya kuwa chumo.

Na tuchukue mfano wa kijana wa Tanga aliyepata kazi Ringwani, katika nchi ya Wangoreme huko Mara. Yampasa kuzingatia mambo haya:

1. Aanze chini. Achote maji, achekeche mchanga, akoroge udongo wa saruji, huku macho yake yakiufuata mkono wa fundi. Kazi mbi si mchezo mwema. Wala asichague fundi kwa wingi wa ujira tu, bali kwa uaminifu. Kwa kuwa tabia ya fundi hurithiwa pamoja na ufundi wake.

2. Ajue vipimo. Jicho hudanganya, timazi na pima maji havidanganyi. Pembe ya nyumba hupimwa kwa kamba: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili futi 5. Zikitimia, pembe ni ya mraba. Zege la kawaida ni saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2, kokoto sehemu 4. Maji yakizidi, nguvu hupungua. Likisha kumwagwa lilowanishwe siku 7 kwa uchache, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Haraka haraka haina baraka.

3. Ajifunze kwa wenyeji. Bara hakuna matumbawe wala boriti za mikoko. Huko watu hufyatua matofali ya udongo, huyakausha, kisha huyachoma tanurini. Tofali lililoiva hulia likigongwa, na bichi huyeyuka kwa mvua. Tena tofali kavu hunywa maji ya saruji, basi hulowanishwa kabla ya kujengwa. Ajuaye udongo wa mahali ni mtu wa mahali. Mgeni na aulize kwa adabu.

4. Apate cheti. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha uashi, useremala, bomba na umeme. Nayo huwatahini hata waliojifunzia kazini wasioingia chuoni. Na atakaye kuwa mkandarasi Tanzania hana budi kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wakandarasi wa majengo wana madaraja 7, na la 7 ndilo la chini.

5. Maagano yaandikwe. Ujira, muda, na nani anunue vifaa, yote yawe katika karatasi mbele ya mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika deni. Basi si utovu wa heshima kumwomba mtu aandike.

6. Ajihadhari. Asipande jukwaa asilolikagua. Sheria ya mwaka 2003 yamlazimu mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Kuidai kofia si woga.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Itakuja siku kijana ataambiwa, "Punguza saruji, nani ataona?" Naye ni mgeni, hana nauli ya kurudi, na mama yake angojea fedha. Siku hiyo ndiyo mtihani wake wa kweli. Akubalipo, ufa hauonekani. Lipu huufunika na rangi huupamba, mpaka mvua ije kuusoma. Yampasa akatae kwa upole. Asiposikizwa, amwarifu mwenye nyumba. Naye asiposikia, aiache kazi. Atapoteza ujira wa mwezi, illa jina lake litabaki. Na jina jema ndilo mtaji wa fundi, kwa kuwa watu hawamwiti fundi kwa bei yake tu, humwita kwa nyumba alizozijenga zikasimama.

Wabillahi taufiki.