Kabla Hujatuma Arubuni ya Gari: Mambo Ambayo Watu wa Yadi Huyaona Kila Siku

Pita Ngong Road saa moja asubuhi na utakuta vijana wa yadi wakiosha magari yaliyooshwa jana. Vumbi la Nairobi halina likizo, na hakuna mteja anayetaka kuona boneti imeandikwa kwa kidole. Mmoja ana ndoo na kitambaa, mwingine anazunguka na betri na nyaya akishtua magari yaliyokaa wiki tatu bila kuwashwa. Muuzaji naye, shati limepigwa pasi, anapiga picha za TikTok na za status ya WhatsApp kabla jua halijawa kali. Ikifika saa tatu simu zinaanza: “Hiyo Demio bado iko?”

Leo tunaongea kuhusu yadi kwa sababu moja. Kwa wengi wetu, gari ndilo jambo kubwa zaidi tutakalowahi kulilipia kwa simu. Na tunalilipia siku ambayo moyo unadunda, mke au mume yuko kando, watoto wameshakaa kiti cha nyuma, na kichwa hakiko pale kinapofaa kuwa. Kujua jinsi watu wa yadi wanavyofanya kazi kutakusaidia kujua ni lini ubonyeze PIN na ni lini urudishe simu mfukoni.

Huyu anayekuita “boss” analipwaje?

Wauzaji wengi wa yadi hupata mshahara mdogo, wengine hawapati kabisa, halafu kamisheni gari likitoka. Mwezi ukiwa mkavu ni nauli na chai tu. Gari moja linaweza kuwa limewekwa kwenye simu za wauzaji watano wa yadi hiyo hiyo, pamoja na mabroka wa nje ambao hata ufunguo hawajawahi kuushika. Anayeleta pesa kwanza ndiye anayekula kamisheni.

Kwa hivyo ukiambiwa, “Boss, hii gari kuna mtu anakuja kuilipia saa kumi, tuma tu hamsini nikushikie,” usikimbilie kudhani ni uongo. Mara nyingine ni kweli kabisa. Mwenzake wa meza ya pili ana mteja njiani, na huyu wako anaona kazi ya wiki nzima ikipotea. Shida iko kwenye sentensi inayofuata: “Tuma kwa hii namba yangu, ya ofisi iko na stima.”

Hapo ndipo pa kusimama, hata kama jamaa ni mwaminifu kama mchungaji. Pesa ikiingia kwenye namba yake binafsi, ofisi haina habari. Hakuna risiti, hakuna jina lako kwenye daftari, na gari bado liko sokoni. Mwenzake akifika saa nane na mteja mwenye pesa yote, meneja ataliuza, na kwa haki kabisa. Muuzaji wako naye huenda ameshatumia elfu kumi ya ile hamsini kulipa karo akitumaini kamisheni itafidia. Hakupanga kukuibia, lakini pesa yako haiko.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui: si kila gari lililo kwenye yadi ni la yadi. Yako yaliyoagizwa na yadi yenyewe kutoka Japani. Yako ya watu binafsi, yaliyoletwa yauzwe kwa niaba yao. Yako pia yaliyochukuliwa na mkopeshaji baada ya mtu kushindwa kulipa. Uliza wazi: hili ni la nani? Kama ni la mtu, mkataba lazima useme yadi imepewa ruhusa ya kuuza na kupokea pesa. Kuna wenye magari waliowahi kugundua kwamba gari limeuzwa na wao hawajaona shilingi, na mnunuzi naye amekaa na gari ambalo mwenye jina kwenye logbook anakataa kulihamisha. Mnunuzi alilipa vizuri kabisa, ila alilipa bila kuuliza.

Homa ya gari jipya

Tukisema gari jipya Kenya, mara nyingi tunamaanisha jipya kwetu. Mapya ya kiwandani yapo, na mengine huunganishwa hapa hapa, Thika, Mombasa na Nairobi, lakini gari la kawaida la yadi limeshazunguka Japani miaka kadhaa kabla ya kushuka bandari ya Mombasa. Kanuni hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2025 lililokuwa la zamani zaidi kuruhusiwa ni la 2018, na ndiyo maana kila Disemba wauzaji hukimbizana na kalenda.

Hilo halipunguzi furaha hata kidogo. Unawasha gari na mama wa Kijapani anakusalimu kutoka kwenye dashibodi. Kwa kawaida anakukumbusha tu kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za huko kwao, lakini wewe unasikia karibu nyumbani. Radio iko kwa Kijapani, stika ya oili iko kwa Kijapani, na nailoni ya viti mwenyewe anasema isitolewe hadi mama aione kule kijijini. Wengine huja na mchungaji, wengine na chama kizima. Vijana wa yadi hufunga riboni nyekundu, hupiga makofi na picha. Nilidhani wanafanya hivyo kwa sababu ya mtandao tu. Wauzaji niliozungumza nao wanasema hapana, siku ya kukabidhi ndiyo siku tamu ya kazi hiyo, hasa kama mteja ni mwalimu au bodaboda aliyeweka akiba miaka mitano.

Lakini wanasema pia kwamba siku hiyo ndiyo watu hukosea namba. Mtu anaandika Till huku anaongea na shangazi kwa simu nyingine. Mtu anasomewa namba kwa mdomo badala ya kuitazama ukutani. Kaa chini, hata kama ni kwenye ile benchi ya wageni iliyovunjika mguu, lipa kwanza, kisha ushangilie.

Jina linalotokea kabla ya PIN

Ukilipa kwa Paybill au Till, simu hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha. Lisome lote. Linafaa kufanana na jina la biashara kwenye mkataba wa mauzo na kwenye risiti. Yadi ndogo wakati mwingine hutumia Till iliyosajiliwa kwa jina tofauti na bango la nje. Si lazima iwe wizi, lakini omba mkataba uandike hiyo namba ya Till na jina lake, kisha usainiwe, ndipo utume. Na kama ni Paybill ya benki, jina linaloonekana laweza kuwa la benki yenyewe. Hapo namba ya akaunti ndiyo yote. Uione kwenye karatasi yenye muhuri, wala usiipokee kwa WhatsApp.

Kama Paybill ni ya yadi yenyewe, kwenye sehemu ya akaunti andika namba ya usajili wa gari. Kama halijapata namba, andika tarakimu za mwisho za chesisi. Jambo dogo, lakini siku ya ubishi linasema pesa hii ilikuwa ya gari hili, na si ya lile la kijivu.

Arubuni yenyewe, ile tunayoiita dipositi, iwe na masharti yaliyoandikwa. Gari linashikiliwa siku ngapi? Makanika wako akilikataa, unarudishiwa yote au sehemu? Kurudishiwa kunafanyika kwa namba ile ile iliyolipa. Mtu akikuambia utume kwanza elfu mbili ndiyo pesa yako irudi, huyo si wa yadi. Vile vile anayekupigia jioni kusema namba ya Till imebadilika. Huenda aliona tu swali lako chini ya picha ya gari. Na ukurasa unaouza Forester kwa nusu ya bei na unataka “ada ya kushikilia” kabla hujaliona gari kwa macho, wachana nao. Picha zimeibwa kwa yadi ya kweli.

Pesa nyingi haziingii kwenye simu moja kwa siku moja

Mwaka 2020 wakati wa korona, kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipanda kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023 muamala mmoja unafika 250,000, na jumla ya siku pamoja na salio haviwezi kuzidi 500,000.

Tuseme gari ni 980,000. Leo umetuma arubuni ya 50,000. Hiyo tayari imekula sehemu ya 500,000 za leo, kwa hivyo ukitaka kuendelea leo leo unabaki na 450,000 tu: moja ya 250,000 na nyingine ya 200,000. Zinabaki 480,000 za kesho, nazo ni miamala miwili tena. Na kwa kuwa salio nalo lina kikomo, kesho utalazimika kwanza kuhamisha pesa kutoka benki kuja kwenye simu. Inawezekana, watu hufanya, lakini kusema ukweli kwa kiasi hicho simu si njia nzuri kuliko zote. PesaLink hupitisha hadi 999,999 kwa mara moja kutoka benki hadi benki, ingawa benki yako inaweza kuwa na kikomo chake. Kuanzia milioni moja ni uhamisho wa RTGS, na usije na hundi, kwa maana tangu 2009 hundi ya zaidi ya milioni haipitishwi kati ya benki. Arubuni kwa simu, salio kwa benki: ndivyo wanunuzi wengi makini wanavyofanya.

Wanaopendelea kuomba shemeji na marafiki “watume tu kutoka kwa simu zao” wahakikishe kila mmoja ametumia Paybill ile ile na namba ile ile ya gari, na meseji zote zipelekwe kwa mweka hesabu siku hiyo hiyo. La sivyo risiti itaandikwa kwa majina manne, na siku ya kuhamisha umiliki itakuwa ni mjadala.

Mbona unasubirishwa ufunguo?

Hapa wateja wengi hukasirika. Umelipa, meseji umeonyesha, lakini dada wa hesabu anasema ngoja. Si dharau. Meseji za malipo hughushiwa, na yadi inayotoa gari kwa kuangalia simu ya mteja inaweza kulikosa gari lenyewe ikifika jioni. Yeye anaangalia kama pesa imeingia kwenye akaunti ya biashara, na akikosea huenda kazi yake ikaishia hapo. Mpe namba ya muamala, si picha ya meseji. Inamrahisishia, na unatoka mapema.

Kama umetuma kwa namba isiyo sahihi, usimpigie uliyemtumia kwanza. Omba kurudishiwa papo hapo kupitia mtoa huduma wako. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya pili kuna matumaini. Ikishatolewa, ni polisi na maneno mengi.

Logbook na siku 14

Kama gari limeshasajiliwa Kenya, fanya upekuzi wa NTSA kupitia eCitizen kabla ya arubuni, si baada yake. Ada yake ni ya mamia ya shilingi tu, na utaona jina la mwenye gari na kama kuna mkopeshaji anayelidai. Muuzaji asiyetaka kukupa namba ya usajili ili ufanye upekuzi amekuokolea muda. Malipo ya huduma za serikali hupitia Paybill 222222. Usilipe “ada ya NTSA” kwa namba ya mtu anayesema ana rafiki huko ndani.

Baada ya kulipa yote, mwenye gari anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Sheria ya trafiki inasema gari lililobadilisha mmiliki lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla jina jipya halijasajiliwa. Ukiweza, mkataba useme kiasi fulani kitalipwa uhamisho ukishaanzishwa. Yadi nyingine zitakubali, nyingine zitasema hapana moja kwa moja. Kuuliza ni bure.

Bima nayo lazima iwepo kabla gari halijavuka geti, angalau ile ya kulinda watu wengine. Mara nyingi utapata wakala amekaa pale pale yadini na anakungoja. Si vibaya, lakini jina linalotokea kabla ya PIN liwe la kampuni ya bima au la wakala aliyesajiliwa, na cheti kikifika kwenye simu, linganisha namba ya usajili na ile iliyo kwenye gari, herufi kwa herufi, kabla hujawasha injini.