Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama

Hebu jiulize: maji uliyokunywa asubuhi ya leo yametoka wapi? Kama unaishi Unguja, huenda yametoka chini ya miguu yako. Hatuna mito mikubwa, kwa hiyo tunategemea sana mvua iliyozama ardhini.

Sasa, sehemu kubwa ya kisiwa, hasa mashariki, ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu. Mchanga huchuja maji taratibu, lakini nyufa hazichuji kitu. Uchafu uliozama chooni unaweza kufika kisimani upesi, kisha ukaendelea hadi baharini.

Matokeo yake? Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Mlipuko ulioanza Tanzania Bara Agosti 2015 ulifika Zanzibar pia. Huko baharini nako, uchafu huo ni mbolea: magugu ya bahari hustawi, yakayafunika matumbawe, na samaki wakakosa makao.

"Mbona maji ya kisima chetu ni meupe kabisa!" utasema. Usidanganyike, rafiki. Vijidudu havionekani kwa macho.

JARIBU HILI
Jaza nusu glasi ya maji yenye chumvi nyingi. Chukua chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari, uimimine polepole juu ya mgongo wa kijiko. Umeona? Inaelea. Ndivyo maji matamu yanavyoelea juu ya maji ya bahari chini ya kisiwa. Ukivuta chai nyingi kwa mrija, utafikia chumvi. Ndo maana kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi hugeuka chumvi.

UFANYE NINI?
1. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
2. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Penye mawe ya matumbawe, zaidi ya hapo. Nafasi hamna? Basi shimo lisichimbwe hadi kufikia maji, na namba 1 usiikose hata siku moja.
3. Funikeni kisima. Ndoo ya kutekea iwe moja, isiwekwe chini.
4. Oili chafu na betri zisitupwe shimoni.

Si rahisi kumwambia babu kuwa choo chake kinachafua kisima, eti? Usianze na lawama. Mwonyeshe ile glasi ya chai, kisha mwulize mwenyewe anaonaje.

JADILINI DARASANI
Kisima cha shule yenu kiko mita ngapi kutoka chooni? Nendeni mkapime.