STIMA ZIKIPOTEA NYUMBANI

Kabla sijaanza naomba radhi kwa mwalimu mlezi wa chama chetu. Yeye hutukanya kila tusemapo "stima" badala ya "umeme". Lakini neno hilo lilitokana na neno la Kiingereza la mvuke, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya siku hizi hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria. Basi mwalimu aniwie radhi, niendelee na stima zangu.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi uliingia gizani. Tulikuwa likizoni, zimebaki siku tatu tu shule zifunguliwe. Kwetu ni Limuru, nasi tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Asiyeijua baridi ya Limuru mwezi wa Agosti na awaulize wenyeji.

Kwanza nilitoka nje kutazama kwa majirani. Nawe fanya hivyo. Kwao kukiwa kunawaka, pengine ni tokeni zenu zimeisha au swichi kuu imejizima. Mtaa mzima ukiwa giza totoro, tatizo liko mbali, huenda mbali sana. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Vituo vyote vimeungwa pamoja. Kimoja kikubwa kikianguka ghafla, mzigo wake huviangukia vingine, navyo hujizima visiharibike. (Tumbili mwenyewe alipona!)

Pili, nilichomoa televisheni na redio, kwa sababu stima zikirudi nguvu yake inaweza kupanda ghafla na kuunguza vyombo. Acha taa moja tu ikujulishe zimerudi. Mwenye friji naye asiifungue ovyo, maana ikikaa imefungwa chakula huwa salama kwa saa nne hivi. Jirani yetu mwenye duka alikuwa akifungua yake kila mara aone kama maziwa yameharibika. Kumbe kufungua huko ndiko kulikoyaharibu.

Kosa letu sisi lilikuwa kumulika kwa simu ya mama mpaka ikazima kabisa. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama alikuwa amewasha jiko la makaa nje ili amalizie kupika. Tulipokwisha kula akaniambia, "Hebu lete jiko ndani, mwanangu. Mdogo wako anatetemeka." Nikaliingiza. Moshi ulikuwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu, mazuri kabisa, kwa hivyo hatukuona hatari yoyote. Dirisha lilikuwa limefungwa. Chini ya mlango tulikuwa tumeziba kwa gunia.

Usiku wa manane niliamka kichwa kikinigonga. Mdogo wangu alikuwa ametapika. Nikaita, "Mama! Mama, mtoto ni mgonjwa!" Mama hakuitika. Nilimtikisa, akafumbua macho, akayafumba tena. Niliposimama magoti yalilegea nikaanguka. Nikatambaa hadi mlangoni, nikalivuta lile gunia, nikafungua. Nilimburuta mdogo wangu nje, nikarudi kwa mama, lakini sikuweza kumwinua. Simu haikuwa na moto hata kidogo. Nilichobaki nacho ni sauti, basi nikapiga mayowe mpaka mzee wa mlango wa pili akatoka, akambeba mama, akatupeleka hospitali kwa gari lake. Tulipewa oksijeni, na sote watatu tukapona.

Daktari alitueleza kwamba makaa yakiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hivyo kutoona moshi si dalili ya usalama. Ikiingia katika damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka vizuri tu, lakini oksijeni inayobeba haitoshi! Kichwa huuma, kichefuchefu huja, miguu hulegea, kisha usingizi. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibovu. Ukiona watu wa chumba kimoja wameugua kwa pamoja, na kuna jiko ndani, usikae kupima homa. Fungua mlango, wote watoke nje, kisha mkimbilie hospitali.

Jiko basi likae nje, hata likibaki na makaa mawili matatu. Jenereta pia. Na mshumaa au koroboi isiwekwe karibu na neti ya mbu, wala isiachwe ikiwaka watu wakilala.

Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo stima zilipotea tena nchini. Simu ya mama ilikuwa na chaji, nasi hatukuigusa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza jiko liko wapi. Alipoonyeshwa kwamba liko uani, alikaa mlangoni kama askari mpaka makaa yakazimika. Tulilala na sweta mbili mbili, na soksi miguuni.