Jenereta Yako na Usalama wa Fundi wa Stima

Stima ikipotea, wengi wetu huwasha jenereta. Kabla ya kuiunganisha na nyaya za nyumba, fahamu jinsi transfoma ya mtaani inavyofanya kazi.

Ndani yake mna koili mbili za waya zisizogusana, zilizozungushiwa chuma kimoja. Mkondo wa stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo uga sumaku wa koili ya kwanza hubadilika bila kukoma. Mabadiliko hayo ndiyo huzalisha umeme katika koili ya pili, kama alivyoonyesha Michael Faraday mwaka 1831. Koili ya pili ina mizunguko michache, hivyo volti 11,000 hushuka hadi 240 za nyumbani.

Lakini transfoma haichagui upande. Umeme wa jenereta ukirudi kwenye laini, volti 240 zaweza kupanda hadi maelfu na kumuua fundi aliye juu ya nguzo, akidhani laini haina stima.

Weka swichi ya kubadilisha kati ya laini na jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Kama huna, chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta.