Ukienda Kujitolea Shuleni Baada ya Kimbunga

Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi. Mvua ya miezi sita ilimwagika kwa siku sita. Zaidi ya watu 500,000 walikosa makao, na wengi wao katika wilaya kama Blantyre, Chikwawa, Nsanje na Phalombe walikimbilia shuleni. Madarasa yakageuka kambi. Vimbunga havijaisha katika ukanda wetu, na wapo vijana wa Mbeya au Nairobi watakaotamani kwenda kusaidia siku nyingine kama ile. Mkienda, zingatieni haya.

1. Zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kukata tiketi. Muulize anahitaji nini, lini, na wewe utalala wapi. Akikwambia usije sasa, usiende. Palipo na familia zinazolala sakafuni darasani, mgeni asiye na pa kulala ni mzigo mwingine.

2. Beba cheti cha polisi cha tabia njema, hata kama hujaombwa. Shule ikikuomba, furahi: inalinda watoto wake.

3. Fanya kazi chini ya mwalimu aliyepo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kusini mwa Malawi, darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100 halikuwa jambo geni hata kabla ya mafuriko, na mwalimu wake anajua kulishika. Huenda naye nyumba yake imekwenda na maji, na bado asubuhi anasimama chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, anaita majina. Usimnyang'anye chaki. Sahihisha madaftari, kaa pembeni na wale kumi wasioweza bado kusoma, nenda ukachote maji ya kunywa. Akitaka kupumzika siku moja akajenge upya ukuta wake, hapo ndipo umshikie darasa.

4. Usimhoji mtoto kuhusu mafuriko. Asiulizwe nani alikufa wala aliona nini. Akianza mwenyewe kusimulia, msikilize hadi amalize, kisha mwarifu mwalimu. Mawingu yakitanda na matone ya kwanza yakigonga bati, utaona wengine wanaacha kuandika na kutazama mlango. Wasikemewe. Waimbishe, wahesabishe, wakaribishe karibu nawe, na ratiba ya siku iendelee kama kawaida, maana kujua kitakachofuata humtuliza mtoto kuliko maneno mengi.

5. Jifunze Kichewa cha salamu kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumulu. "Muli bwanji" na "zikomo" utazitumia kutwa. Ukipelekwa Nsanje, utasikia pia Kisena.

6. Maji na vyoo ni kazi ya elimu. Freddy aliikuta Malawi tayari inapambana na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022, ambao uliua zaidi ya watu 1,700. Choo cha shule kinachotumiwa na kambi nzima hujaa upesi, na wasichana wakubwa ndio wa kwanza kuacha kuja wanapokosa pa kujisitiri. Ndoo yenye bomba, sabuni, klorini na mlango wenye komeo vitawarudisha darasani wengi kuliko vitabu ulivyobeba.

7. Nunua vitu hukohuko. Madaftari, kalamu na unga wa mahindi na soya wa kupikia uji wa watoto vinapatikana Blantyre, na mfanyabiashara aliyepoteza duka anahitaji wateja. Nguo kuukuu ziache nyumbani.

8. Picha za watoto usipige. Mtoto aliyevaa nguo ya msaada hakuchagua kuonekana hivyo na dunia nzima.

9. Kaa muhula mzima ukiweza. Wiki moja inatosha kuwazoeza watoto sura yako, kisha unawaacha, na hawa wameshaachwa na wengi. Kama huna muda huo, saidia kazi isiyowafungamanisha nawe: ezeka paa, tengeneza madawati, panga upya kumbukumbu za shule zilizolowa. Siku ya kuondoka itangaze mapema, iandike ubaoni, na orodha ya watoto uliokuwa ukiwafundisha kusoma, pamoja na mahali alipofikia kila mmoja, mkabidhi mwalimu wao mkononi.