Dondoo muhimu: Mzazi mzee na mgao wa kambi ya Dzaleka

Mama amefika kutoka Kivu na analala kwako? Mgao haumfuati mpaka jina lake liingie kwenye orodha ya kaya yenu. Kwanza aandikishwe yeye mwenyewe kama mwomba hifadhi, kwa serikali ya Malawi na UNHCR. Nenda naye, maana alama za vidole na picha hazina mwakilishi. Vidole vilivyolika kwa jembe, mashine huvisoma kwa shida. Mwambie karani mapema. Beba kadi ya kaya na karatasi yoyote ya undugu, majina yakiandikwa vilevile kote. Wa Lilongwe, fungeni safari: ofisi ya kuandikisha iko kambini, wilayani Dowa. Anayedai hela "kuharakisha" mkwepe; kuandikishwa ni bure.